Mzee Amewekewa Mrija wa Figo: Maelekezo kwa Familia Zilizoko Kwai

Baridi ya mwezi wa sita ikishaingia Usambara, simu zinazonifikia kutoka nyumbani huwa na swali lile lile: mzee hataki kunywa maji, tufanyeje? Mimi ni daktari wa tiba radiolojia. Kwetu ni Kwai, kazi yangu iko Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo nimegeuzwa daktari wa simu wa ukoo na wa majirani. Nimeona niandike mara moja kwa kirefu, hasa kwa familia zenye wazee waliotoka jeshini, kwa kuwa hao wana mambo yao.

Kwanza kazi yenyewe. Tunatibu kwa sindano, waya mwembamba na mirija, macho yakiwa kwenye picha ya ultrasaundi au eksirei inayoonyesha mwili moja kwa moja kwenye skrini. Msingi wake ni mbinu aliyoichapisha Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953: sindano inaingia, waya unapitishwa ndani yake, sindano inatolewa, kisha mrija unateleza juu ya waya hadi unapotakiwa. Mwaka 1964 Charles Dotter wa Marekani alitumia mirija kuzibua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu huo. Kwetu huduma hii ni changa. Wataalamu wa mpango wa mafunzo wa Road2IR walianza kuja Muhimbili kwa zamu mwaka 2018, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha MUHAS kikaanzisha masomo ya ubobezi ya miaka 2.

Sasa hao wazee wa jeshi. Marekani ina hospitali maalumu za wastaafu wa jeshi, nchi nzima. Hapa kwetu Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo inatibu askari na raia pia, na mstaafu aliyerudi kijijini hutibiwa pale alipo karibu napo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Vita vya Kagera vilipoisha mwaka 1979 sasa amevuka 65. Huo ndio umri wa maradhi ya tezi dume, na saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Tanzania.

Tezi ikibana njia ya mkojo ya chini tu, mpira wa kawaida wa kibofu unatosha. Lakini saratani ikisambaa na kubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mpira wa kibofu hausaidii kitu. Wakulima wa kabichi wa Kwai wananielewa haraka nikiwaambia hivi: mfereji ukizibwa chini, maji hayapotei, yanarudi juu na kuharibu kitalu. Figo inavimba, sumu inapanda kwenye damu, mzee anaanza kutapika na kuchanganyikiwa. Hapo tunamlaza kifudifudi, tunamchoma ganzi mgongoni, tunaingiza mrija hadi ndani ya figo, na mkojo unatoka nje kwenye mfuko. Mambo yakienda vizuri hata saa moja haiishi.

Kabla ya kuja hospitali, kusanyeni dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, pakiti zenyewe, siyo majina ya kukumbuka. Tunachotafuta hasa ni dawa za kuzuia damu kuganda: wafarini, klopidogreli, aspirini. Msizisimamishe wenyewe, atakayeamua ni daktari wake. Mitishamba nayo itajwe. Hakuna atakayemgombeza mtu.

Kwa mzee aliyepigana kuna swali la ziada, nalo niulize nisiulize, familia ilitaje: je, ana kipande cha risasi au cha bomu mwilini? Kwenye eksirei hakina shida, tutakiona. Kwenye kipimo cha MRI ni jambo kubwa, kwani sumaku ya mashine inaweza kuvuta chuma kilichotulia miaka zaidi ya 40, na kikiwa karibu na jicho au uti wa mgongo madhara yake ni mabaya. Wazee wengi hawasemi. Nimeshamuuliza mmoja mbele ya wanawe, akajibu hana kitu. Nikawaomba watoto watoke, nikamwamkia upya, "Shikamoo afande." Akacheka, akapandisha suruali, akanionyesha kovu gotini. "Hiki hapa mwanangu. Ila mama yao hakijui."

Safari ya kurudi ina mitihani yake. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kona za kupanda Soni na Lushoto. Mfuko wa mkojo ufungwe pajani kwa mkanda laini, chini ya usawa wa figo, na mrija ubandikwe plasta ubavuni ili ukivutwa, kinachovutwa kiwe plasta. Mfuko usifungwe kwenye mkanda wa suruali, na kwa bodaboda usining'inizwe popote kwenye pikipiki. Umwageni ukifika nusu. Uzito wa mfuko uliojaa ndio unaong'oa mirija mingi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Mkishafika nyumbani, kazi yangu imekwisha na yenu imeanza. Nasema hivi bila mzaha, kwa kuwa nimeona mrija uliowekwa vizuri ukiharibika kwa kukosa mtu wa kuuangalia, na nimeona familia isiyo na nesi hata mmoja ikiutunza miezi na miezi. Siku mbili tatu za mwanzo mkojo unaweza kuwa na rangi ya damu hafifu, na pengine ukatoka mwingi ajabu, kwani figo zinatoa maji yaliyokwama. Pimeni kwa jagi lenye namba, mwandike. Wingi huo ukiendelea mkiwa nyumbani, au mzee akilegea na kuona kizunguzungu, mrudisheni hospitali. Msisubiri asubuhi.

Sasa yale maji. Mwambieni "mzee, kunywa maji jamani" kutwa nzima, hatakunywa, na Julai ndiyo kabisa. Mwanajeshi habembelezwi, anapewa ratiba. Mzee mmoja niliyemtembelea alikuwa na daftari la shule kando ya kitanda, mistari imepigwa kwa rula: 0600, kikombe cha uji, mkojo mililita 300, 0900, chai ya rangi, 1200, maji ya moto vikombe viwili. Kila mstari ulikuwa na sahihi yake. Binti yake ndiye aliyemwandalia safu hizo, mengine aliyafanya mwenyewe, na siku alipougua homa nililisoma daftari lile nikaelewa tatizo lilianza lini, vizuri kuliko kwa maelezo yoyote ya mdomo. Uji, chai na supu vyote vinahesabika. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayevimba miguu aulize kwanza kiasi chake.

Kidonda cha mgongoni kifunikwe kwa gozi safi, ibadilishwe mara moja au mbili kwa wiki, au papo hapo ikilowa. Nesi wa zahanati anaweza kuwafundisha. Mikono ioshwe kwa sabuni, kabla na baada. Aoge kwa kujimwagia, kidonda kikiwa kimefunikwa nailoni. Jembe na kubeba mizigo kwenye matuta aviache, ingawa najua atawabishia.

Mkojo ukiacha kutoka, msiogope papo hapo. Angalieni kama mrija umejikunja, kama ameulalia, kama koki imefungwa. Kusafisha mrija kwa bomba la sindano ni kwa aliyefundishwa tu, tena kwa maji maalumu ya chumvi ya hospitali, siyo ya kuchemsha jikoni. Kama kila kitu kiko sawa na saa zinapita bila mkojo, nendeni. Vilevile nendeni kwa homa yenye kutetemeka, damu nyekundu yenye mabonge, au usaha. Kwa mwenye mrija wa figo, homa ya baridi ile inaweza kuwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na kumpa dawa ya malaria ya dukani akalala ni kucheza na maisha yake. Hapa ndipo ukimya wa askari unapoua: atakwambia hajambo huku meno yanagongana. Msimuulize kama anaumwa. Mpimeni joto.

Mrija ukichomoka wote, msiurudishe. Funikeni tundu kwa gozi safi, chukueni mrija wenyewe, muwahi Hospitali ya Wilaya Lushoto siku hiyo hiyo, na huku mkipiga simu mahali alipowekewa. Njia ile huanza kujifunga ndani ya saa chache, hasa mrija ukiwa mpya. Tukiwahi, tunapita pale pale. Tukichelewa, tunachoma upya.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote: mrija haukai milele. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, kabla haujaziba kwa chumvi za mkojo. Nauli ya Dar ianze kuwekwa kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa mzee akijisikia mzima haoni haja ya kusafiri, na pesa ya mbolea itakuwa inaita. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aombe barua ya serikali ya kijiji kabla ya safari, aifikishe ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha. Mwenye bima ahakikishe mapema kama kubadilisha mrija kumo. Basi kama kwenu kuna mwenye mrija, chukueni karatasi ya hospitali leo, tafuteni tarehe ya kubadilisha, muiandike ukutani kwa herufi kubwa. Kama haimo kwenye karatasi, pigeni simu mkaiulize.