MAMBO MBOTELA: SAUTI ILIYOAMINIWA

Wahenga walisema, penye nia pana njia. Leo tujifunze kwa marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye wapenda kandanda wengi waliijua sauti yake kabla ya kumjua kwa sura.

Mambo alizaliwa mwaka wa 1940 huko Freretown, Mombasa, mahali palipoanzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Lakini sekondari alisomea hapa jirani, Kitui. Basi asituambie mtu kwamba Ukambani hakuwezi kulea Kiswahili! Mwaka wa 1964 alijiunga na Sauti ya Kenya, ambayo siku hizi ni KBC. Mwaka wa 1966 akaanza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichokosoa tabia mbaya kwa ucheshi. Kilidumu zaidi ya miaka 50.

Sasa hebu fikirieni kazi ya kutangaza mpira redioni. Msikilizaji haoni kitu. Lazima aambiwe kila mara: mpira anao nani? Uko upande gani wa uwanja? Unaelekea wapi? Babu yangu alikuwa na redio ya betri hapa Wote. Anasema Mambo akitaja hatari langoni, wazee wote walisimama wima. Hawakuwa na njia ya kuhakikisha. Walimwamini tu.

Imani hiyo karibu imponze. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kupindua serikali walimtoa nyumbani kwake, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imeanguka. Bunduki walikuwa nazo, na kituo walikwisha kukiteka, lakini bado walihitaji sauti ambayo wananchi wangeiamini. Jaribio hilo lilishindwa, naye akarudi kazini. Alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84.

Funzo ni nini? Wengi wetu tunadhani Kiswahili ni cha kupita mtihani tu. La! Ni cha kumwonyesha ukweli mtu asiyeweza kuuona.

ZOEZI: Siku ya mechi, mwanachama mmoja aupe uwanja mgongo. Mwenzake amtangazie kwa dakika 5, bila Sheng. Kisha aeleze alichokiona akilini. Akiwa hakuona chochote, msilaumu masikio yake!

Kiswahili kitukuzwe!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu