Faiba Haina Shaba: Ijue Kabla ya Kuchimba

Mkazi wa Tseikuru anayelipia huduma za serikali kwa simu hutegemea faiba, hata kama hajawahi kuiona. Simu huwasiliana na mlingoti kwa mawimbi ya redio. Mbele ya safari, data huingia kwenye faiba na kufuata njia hiyo hadi vituo vya data, kama kile cha Konza.

Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Ndani yake hupita mwanga, si umeme. Mwanga ukigonga ukingo wa kioo hurudishwa ndani, ukaendelea mbele hata uzi unapopinda kidogo. Husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kabla ya kebo za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo juu kilomita 36,000 hivi. Kutuma ombi na kupata jibu kulichukua karibu nusu sekunde, tena kwa bei ghali.

Wapo wanaokata kebo wakitafuta shaba. Wanajisumbua bure: hakuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayetaka kioo. Fundi naye lazima atafute palipokatika, kisha ayeyushe na kuunganisha ncha za nyuzi kwa mashine, mmoja baada ya mwingine. Kebo moja huweza kuwa na nyuzi 48 au 96, na wakati huo wote huduma zimekwama.

Anayechimba mtaro wa bomba la maji kando ya barabara aulize kwanza katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Akikuta utepe wa onyo udongoni, asimamishe jembe hapo hapo.