Somo la 31: Kuutembelea Mji wa Kinshasa

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, nao ni Mto Lukuga, unaotoka ziwani Kalemie. Maji mengi ya ziwa hukaushwa na jua, yakawa mvuke. Sehemu nyingine huingia katika Lukuga na kwenda magharibi, hata kuukuta Mto Lualaba upande wa Kabalo. Lualaba hupita Kongolo na Kindu. Kisangani mto hubadili jina, ukaitwa Mto Kongo. Kutoka hapo maji husafiri tena kilometa 1,700 hivi, ndipo yafike Kinshasa, mji mkuu wa nchi. Basi maji ya Kalemie huenda Kinshasa kila siku, wala hayalipi nauli.

Mtu hawezi kusafiri kwa urahisi namna hiyo. Akitaka kufika upesi hupanda ndege, maana toka Kalemie mpaka Kinshasa ni mbali, zaidi ya kilometa 1,500. Akishuka huko hana budi kurudisha saa yake nyuma. Kalemie ikiwa saa sita adhuhuri, Kinshasa ni saa tano tu, kwa sababu jua hutangulia kuonekana upande wa mashariki. Njiani na sokoni atasikia Kilingala. Asiogope. Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba ndizo lugha nne za taifa, na watu wa kila jimbo wanakaa Kinshasa. Mji una watu zaidi ya milioni 15. Barabara zimejaa magari, na pikipiki za kuchukua watu, ziitwazo wewa, hupenya katikati yake.

Wageni wengi hutazama nyumba ndefu na taa za usiku, kisha hurudi kwao kusimulia hayo tu. Mgeni mwenye akili huuliza: Kwa nini mji huu ulijengwa hapa, si mahali pengine?

Akitaka jibu, aende Kinsuka, upande wa magharibi wa mji. Hapo mto ulio mpana na mtulivu huanza kupiga kelele. Maji huruka juu ya mawe makubwa, na povu jeupe hutapakaa. Toka hapo mpaka Matadi ni maporomoko juu ya maporomoko. Meli haiwezi kupita. Juu ya maporomoko mto umetanuka kama ziwa, na mahali hapo panaitwa Malebo. Ng'ambo ya pili unaonekana mji wa Brazzaville, mji mkuu wa nchi nyingine. Hivyo miji mikuu miwili inatazamana, na watu huvuka kwa boti.

Basi Kinshasa ni mahali pa kupakua na kupakia mizigo. Boti zinazotoka juu ya mto huleta samaki wakavu, mahindi na makaa. Vitu vya ng'ambo hushushwa melini Matadi, kisha huletwa kwa njia ya nchi kavu. Zamani wapagazi walivichukua kichwani, wakipanda na kushuka milima siku nyingi. Kazi ya kutengeneza njia ya gari la moshi ilianza mwaka 1890, ikaisha mwaka 1898. Watu wengi walikufa katika kazi hiyo kwa magonjwa na taabu. Anayeuona mji awakumbuke na hao, ingawa majina yao hayakuandikwa ukutani.

Stanley alianzisha kituo hapo mwaka 1881, akakiita Léopoldville kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1923 serikali ya Wabelgiji iliamua kuhamisha makao yake makuu toka Boma na kuyaleta hapo. Wazungu walikaa karibu na mto. Waafrika walikaa mbali kidogo, na katikati pakaachwa uwanja wa kuwatenga. Usiku Mwafrika hakuweza kutembea katika mtaa wa Wazungu bila barua ya ruhusa. Siku hizi mtaa ule unaitwa Gombe, na mtoto wa Kalemie anaweza kutembea humo kama mwenye nchi.

Katika mtaa huohuo, tarehe 30 Juni 1960, uhuru ulitangazwa. Barabara kubwa ya Gombe inaitwa kwa tarehe hiyo. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa Katanga mwezi wa Januari 1961, na mwili wake ukaharibiwa usipate kaburi. Jino lake moja lilikaa Ubelgiji miaka mingi. Mwaka 2022 lilirudishwa, likazikwa Limete, chini ya mnara mrefu, tarehe 30 Juni. Mgeni atokaye uwanja wa ndege huuona mnara huo njiani. Kuhusu jina la mji, Léopoldville lilifutwa mwaka 1966, likarudishwa jina la kijiji cha zamani, Kinshasa.

Wahenga walisema: Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Aendaye mji mkuu akiwa na macho tu huokota vumbi. Aendaye na macho na swali huokota akili. Naye akisimama ukingoni pale Malebo, asijione mgeni kabisa. Maji ya kwao yamemtangulia.

Maneno ya kueleza: mpagazi, maporomoko, kutanuka, kupenya, nauli.

Maswali
1. Taja mito na miji ambayo maji ya Kalemie hupita kabla ya kufika Kinshasa.
2. Kwa nini meli haziwezi kutoka Matadi mpaka Kinshasa?
3. Kinshasa ikiwa saa mbili asubuhi, Kalemie ni saa ngapi?
4. Ni akina nani wanaostahili kukumbukwa katika habari ya njia ya gari la moshi? Eleza sababu.
5. Waulize wazee: Kwa nini mji wa Kalemie ulijengwa mahali ulipo? Andika jibu lao kwa sentensi tano.