Nywele Zinatoka Baada ya Kujifungua

Swali: Daktari, mwanangu ana miezi minne. Nikichana nywele, zinatoka kwa mafungu kichwa kizima. Nina ugonjwa gani?
Mama, Mengo

Jibu: Pole sana, dada. Wakati wa ujauzito nywele nyingi huchelewa kudondoka. Miezi michache baada ya kujifungua hudondoka kwa pamoja. Kwa kawaida huota tena ndani ya mwaka.

Ila ukisikia kizunguzungu, uchovu usioisha au moyo kwenda mbio, usinunue mafuta ya nywele. Nenda Hospitali ya Mengo, hapo jirani, upimwe damu, madini ya chuma na tezi ya thairoidi. Matoke matupu hayaongezi damu: kula maharage na mchicha, na chai usinywe pamoja na mlo.

Lakini nywele zikitoka pembeni mwa paji tu, huenda zinavutwa na misuko: fumua inayobana.