Pangaboi Linanguruma, Haligeuki

Umewasha swichi, pangaboi linanguruma chini chini lakini mapanga hayaendi. Ukiyasukuma kwa mpini wa ufagio yanaanza kuzunguka, tena kwa upande uleule uliosukumia. Usikimbilie dukani kununua pangaboi jipya. Mara nyingi koili ni nzima na kilichochoka ni kapasita, kile kiboksi kidogo cha plastiki chenye nyaya mbili kilichofichwa ndani ya kikombe cha pangaboi.

Ndani ya kiboksi hicho kuna tabaka mbili nyembamba mno za metali, katikati yake plastiki isiyopitisha umeme, vyote vimekunjwa pamoja kama mkeka. Ukiiunganisha kapasita na betri, elektroni hurundikana kwenye tabaka moja na kupungua kwenye nyingine. Haziwezi kuvuka plastiki, lakini upande wa pili unazivuta, basi hubaki palepale zimebanana. Ondoa betri, bado zipo. Zipatie njia ya waya, zitarudi mbio zilikotoka. Betri hutegemea kemikali zake, ambazo huutoa umeme taratibu kwa saa nyingi. Kapasita haina cha kusubiri. Ndiyo maana flashi ya kamera hukusanya chaji kwa sekunde kadhaa, kisha ikaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Jambo hili lilijulikana kwa maumivu. Mwaka 1746, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alifanya majaribio ya kutia umeme kwenye chupa ya maji. Ikampiga vibaya hata akaandika kwamba asingerudia jaribio lile hata kwa kupewa ufalme wa Ufaransa. Chupa ile ilikuwa kapasita.

Kapasita haijai kwa mwendo mmoja. Mwanzo chaji huingia kwa kasi, halafu kasi hupungua, kwa kuwa zilizotangulia huzisukuma nyuma zinazofuata. Chukua kapasita ya mikrofaradi 1000 (hicho ni kipimo cha ukubwa wake), uijaze kupitia rizista, kifaa cha kubana mkondo, ya omu 10,000: baada ya sekunde 10 volti zimefika asilimia 63 hivi, na inachukua kama sekunde 50 ndipo uweze kusema imejaa. Kutoka nako ni hivyohivyo. Chomoa chaja ya kompyuta ukutani uangalie kitaa chake: mara nyingi hakizimiki papo hapo, hufifia.

Turudi kwenye pangaboi. Umeme wa nyumbani hugeuza mwelekeo, ukienda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Koili moja peke yake ingevuta mapanga mbele na nyuma tu, yasijue yaelekee wapi. Kwa hiyo huwekwa koili ya pili iliyopitia kwenye kapasita. Kwa kuwa kapasita inajaa na kumwaga muda wote, mkondo wa koili hiyo hutangulia kidogo ule wa mwenzake, na mvuto wa sumaku ukapata kuzunguka. Kapasita ikidhoofu, pangaboi huzunguka kivivu. Ikifa kabisa, ndipo unaposhika ufagio.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Mapangaboi mengi hutumia 2.5. Volti zikizidi si neno, zisipungue. Wapo wanaofunga yenye mikrofaradi nyingi ili upepo uongezeke. Kinachoongezeka kwa hakika ni joto la koili.

Kabla ya kupanda ngazi, zima swichi kuu, si ya ukutani tu. Kapasita iliyounganishwa vizuri humwaga chaji yake kwenye koili, lakini waya mmoja ukiwa umekatika inaweza kubaki nayo. Mshtuko wake si mkubwa sana. Kinachovunja watu ni kuanguka. Gusanisha nyaya zake mbili na ncha za rizista, au za balbu ya zamani ya waya, kisha hakikisha kwa mita. Mafundi wengi hupiga shoti kwa bisibisi. Cheche inayoruka hapo inaweza kuiharibu kapasita, na jicho lako liko karibu.

Nyaya za kapasita ya pangaboi hazina chanya wala hasi, funga vyovyote. Kapasita za mviringo ndani ya televisheni ni habari nyingine: mstari ubavuni huonyesha upande wa hasi, na ukigeuza inaweza kupasuka. Kwenye saketi ya umeme mkubwa ya televisheni, volti 230 za ukutani zikishanyooshwa hufika kama 325, nazo zinaweza kukaa humo hata baada ya kuchomoa plagi. Maikrowevu ndiyo mbaya zaidi, kapasita yake hupita volti 2000. Hiyo usiifungue kifuniko, mpelekee fundi anayezijua.