Uhandisi au Sanaa?

Sisi wa kidato cha sita tumekaribia kujaza karatasi za kuomba nafasi ya chuo kikuu, na kila jioni bwenini swali ni lile lile: uhandisi au sanaa? Haya ninayoandika nayaelekeza hasa kwa ndugu zetu wa kidato cha nne, maana sisi tumekwisha kuchelewa.

Uchaguzi huu haufanywi siku ya kujaza karatasi. Hufanywa mwanzoni mwa kidato cha tano, mtu anapochukua masomo yake matatu makuu. Kwa miaka mingi Makerere imepima hivi: pointi za somo la lazima huzidishwa mara tatu, za somo la kufaa mara mbili. Kwa uhandisi, ya lazima ni hisabati na fizikia. Alama ya A ni pointi 6, basi A ya fizikia humpa mwombaji 18. Aliyesoma historia, fasihi na dini, hata akipata A zote tatu, mlango huo hauoni.

Baba husema mhandisi halali njaa, na msomi wa sanaa huishia kuwa mwalimu. (Mwalimu wetu wa fasihi alicheka sana nilipomweleza.) Lakini Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, vijana 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana pale pale kwa mkutano mkubwa, ilhali Mganda aliyetaka uhandisi ilimpasa kwenda Nairobi!

Kilichoniamulia mimi ni pampu. Kiangazi kilichopita maji ya kisima chetu yalishuka hadi mita 11, na pampu iliyo juu ikakataa kuvuta. Ikaletwa nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ikakataa. Tulibeba ndoo wiki tatu. Usiku mmoja nikafungua kitabu cha fizikia, nikaelewa: pampu ya namna ile haivuti maji. Huondoa hewa bombani, kisha uzito wa hewa ya nje ndio huyasukuma maji juu, na hata pwani hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, sembuse huku kwetu milimani. Hesabu ile nilikosea mara nne, na mara nne nikairudia bila kuamrishwa. Insha nikipata alama mbaya, huificha tu.

Nikaiandikia ofisi ya shule barua iliyojaa tarakimu. Haikujibiwa. Mwalimu wa fasihi akanilazimisha kuiandika upya mara tatu, kwa maneno ambayo hata mpishi angeyaelewa. Ndipo ikaagizwa pampu ya kutumbukizwa majini.

Basi nafasi ya kwanza nimeandika uhandisi, miaka minne. Ya pili nimeandika sanaa, miaka mitatu. Hiyo ya pili baba bado sijamwonyesha.