Dondoo muhimu: Kushusha tawi zito bila kuvunja paa

Tawi la mwembe lililoinamia nyumba halizuiliwi kwa nguvu za mikono. Kinachobeba uzito ni msuguano wa kamba iliyozungushwa kwenye shina, au kwenye breki ya bomba la chuma iliyofungwa chini ya mti.

• Zungusha kwanza, kata baadaye. Kila mzunguko huongeza msuguano maradufu au zaidi. Anza na tawi dogo ili ujue mizunguko inayotosha.

• Linda gamba. Kama mti unabaki, tumia breki ya chuma. Kamba inayokimbia kwenye shina huchubua gamba.

• Pima nguvu ya panda. Kapi la juu, linalopitisha kamba na kufungwa kwenye panda ya mti, hubeba karibu mara 2 ya uzito wa tawi, kwa kuwa kamba huvuta pande zote mbili. Lifunge kwenye panda nene na nzima.

• Acha kamba itembee, kisha punguza mwendo polepole. Kukaza ghafla huleta mshtuko unaoweza kukata kamba au kuvunja panda.

• Angalia joto. Kamba za nailoni na plastiki huyeyuka zikisuguana kwa kasi.

• Mshika kamba avae glavu na kofia ngumu, asimame mbali na litakapoangukia tawi, na asiviringishe kamba mkononi wala kiunoni.

Tawi likiwa karibu na nyaya za umeme, usipande. Liite shirika la umeme kwanza.